Nani Analipia Jaribio la Pili?

Leo tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu tunakutana nalo kila siku kwenye simu na kompyuta bila kufikiri kwamba kuna mtu alikaa akaliamua. Unapakua faili: sasisho la programu, kitabu cha masomo, au video ya mafunzo. Mstari unaoonyesha maendeleo unatambaa, unapita katikati, unasimama. Baada ya kitambo unaambiwa imeshindikana, au mstari unarudi sifuri na kuanza upya wenyewe. Tumezoea kuulaumu mtandao, na mara nyingi mtandao kweli ndio uliokatika. Lakini yaliyofuata baada ya kukatika hayakuamuliwa na mtandao. Yaliamuliwa na mwandishi wa programu siku alipoandika tarakimu chache: programu isubiri sekunde ngapi kabla ya kukata tamaa, ijaribu tena mara ngapi, na ipumzike kwa muda gani kati ya jaribio na jaribio. Hoja yangu leo ni kwamba tarakimu hizo hugawa gharama. Kila sekunde ya kusubiri ina mlipaji, na kila jaribio la kurudia lina mlipaji, na mara chache sana mlipaji huyo huwa ndiye aliyeziandika. Anayetaka kuzipanga vizuri aanze na swali moja: nani analipia?

Kwanza tuelewe kwa nini kikomo cha kusubiri kinahitajika hata kidogo. Kompyuta mbili zinapozungumza kwa intaneti, hakuna waya mmoja kati yao ambao ukikatika unapiga kengele. Kuna pakiti ndogo ndogo za data zinazopitishwa na vifaa vya njiani, na kila upande unajua kwamba mwenzake yupo kwa sababu tu pakiti zinaendelea kufika. Zikikoma, upande unaopokea hauna namna ya kujua kama seva imezimika, kama mnara wa simu umezidiwa na wateja, au kama basi limepita tu bondeni na baada ya sekunde tano mambo yatarejea. Anayetuma data ana unafuu kidogo, kwa sababu husubiri uthibitisho kwamba ilichotuma kompyuta yake kimefika. Mfumo wa Linux, kwa mipangilio yake ya kawaida, hurudia kutuma kwa takribani dakika 15 kisha hutangaza kwamba muunganisho umekufa. Anayepakua hana hata hilo. Yeye anapokea tu, hana alichotuma ambacho anasubiri kithibitishwe, kwa hiyo programu isiyowekewa kikomo inaweza kukaa inasubiri baiti inayofuata bila mwisho, huku mtumiaji akitazama duara likizunguka.

Sasa angalia jinsi watengenezaji walivyokisia kila mmoja kivyake. Wget, chombo cha zamani cha kupakua mafaili, huvumilia ukimya wa sekunde 900, yaani robo saa, na hujaribu hadi mara 20. Curl, ambayo Daniel Stenberg wa Sweden aliipa jina hilo mwaka 1998 na ambayo leo imo ndani ya simu, magari na televisheni, hutoa sekunde 300 kwa ajili ya kuunganishwa, lakini ikishaunganishwa haina kikomo chochote mpaka uiwekee, na haijaribu tena hata mara moja mpaka uiagize. Maktaba ya requests inayopendwa na waandishi wa lugha ya programu ya Python haina kikomo kabisa usipoiambia. HttpClient ya Microsoft, kwa upande wake, huweka sekunde 100. Hawa wote ni mafundi hodari, na kila mmoja ana sababu zake. Kutofautiana kwao kunatuonyesha kwamba hakuna tarakimu ya asili inayofaa kila mahali, na kwamba anayechukua chombo na kukiacha kama kilivyotoka kiwandani anakuwa amekubali makisio ya mtu asiyejua faili lake lina ukubwa gani wala mteja wake yuko wapi.

Kosa la kwanza linalotokana na kutouliza swali la gharama ni kuweka kikomo cha muda wa kazi yote. Tuchukue hesabu. Faili lina MB 600. Mwandishi ameweka sekunde 100 kwa upakuaji mzima, na amelijaribu ofisini kwenye fayiba ya megabiti 100 kwa sekunde. Faili limeshuka kwa sekunde 48, akaridhika. Sasa mteja yuko kwenye mtandao wa simu unaompa megabiti nne kwa sekunde, yaani nusu MB kila sekunde. Huo si mtandao uliokufa. Ni mtandao mzima, unaoleta data bila kukosa, ambao ungemaliza faili hilo kwa dakika 20. Lakini sekunde ya 100 inapofika, MB 50 zimeshaingia, na programu inakata. Inajaribu tena tangu mwanzo, inaleta MB 50 zilezile, inakata. Ikiwa imepangiwa majaribio matano, mteja atakuwa amepoteza MB 250 za bando lake na hana faili. Ili afanikiwe kwa kikomo kile angehitaji kasi ya megabiti 48 isiyoyumba. Seva haikukosea, mnara wa simu haukukosea, na hata mteja hakukosea. Tarakimu moja imemhesabu mtu mwenye mtandao wa polepole kuwa ni mtu asiye na mtandao, kisha ikamtoza kwa hilo.

Mtego huu umejificha mahali ambapo hata mwandishi makini hauoni upesi. Katika lugha ya programu ya Go, kikomo unachompa mteja wa HTTP kinajumlisha kuunganishwa, kupelekwa kwenye anwani nyingine, na kusoma jibu lote mpaka baiti ya mwisho. Katika HttpClient ya Microsoft, zile sekunde 100 hujumlisha kusoma faili lote ikiwa umeiacha katika hali yake ya kawaida, lakini huishia kwenye vichwa vya jibu, yaani maelezo yanayotangulia faili lenyewe, ikiwa umeiagiza ikurudishie jibu mapema ili usome mwenyewe. Kwenye requests ya Python ni kinyume: tarakimu unayoiweka hupima ukimya kati ya data moja na nyingine, haipimi muda wa kazi yote. Jina ni lilelile, maana ni tofauti. Mtu anayehama kutoka lugha moja kwenda nyingine na sekunde 30 zake mfukoni anaweza kuwa ameweka uvumilivu mzuri upande mmoja na kisu upande mwingine.

Kinachofaa kupimwa ni maendeleo. Maadamu baiti zinaingia, kazi iko hai, hata kama itachukua saa nzima; zikikoma kwa muda uliopangwa, ndipo tuseme imekufa. Curl ina njia ya kusema hivyo waziwazi: unaiagiza kwamba kasi ikibaki chini ya, tuseme, baiti 1,000 kwa sekunde kwa sekunde 30 mfululizo, iachane na muunganisho huo. Microsoft nao walilielewa jambo hili mapema katika huduma ya BITS, iliyokuja na Windows XP mwaka 2001 na ambayo kwa miaka mingi ilileta masasisho ya Windows kimyakimya. BITS haiulizi kazi imechukua muda gani. Ikipata hitilafu ya kupita husubiri dakika 10 kisha hujaribu tena, na hukata tamaa ikiwa siku 14 zimepita bila baiti hata moja kuongezeka. Siku 14 zinaweza kuonekana kichekesho, lakini ni uamuzi wa mtu aliyejua kwamba sasisho la usiku halina mtu anayelisubiri mezani, kwa hiyo kusubiri hakumgharimu mtu chochote, ilhali kuanza upya kunagharimu.

Hapa najua kuna msikilizaji mhandisi anayetikisa kichwa. Atasema: ukipima ukimya peke yake, seva mbovu inaweza kudondosha baiti moja kila sekunde 20 na kumshikilia mteja milele. Tena atanikumbusha kwamba udondoshaji wa namna hiyo umewahi kuwa silaha: shambulio la Slowloris, lililojulikana mwaka 2009, hufungua miunganisho mingi kwenye seva na kutuma maombi kidogo kidogo mno, ili seva ibaki imeshikwa na kushindwa kuhudumia wengine. Hoja hiyo ni ya kweli, na jibu lake limo ndani ya kipimo chenyewe. Ndiyo maana tunapima kasi ya chini, wala haturidhiki na kuuliza kama kuna baiti yoyote iliyoingia. Ndiyo maana pia seva ina haki ya kuwa na vikomo vikali kuliko vya mteja, kwa sababu upande wa seva muunganisho uliozubaa unalipiwa na wateja wengine walio nyuma yake. Na kwa kazi inayosubiriwa na mtu papo hapo, kikomo cha jumla kinaweza kuwepo, mradi kikokotolewe kutokana na ukubwa wa faili na kasi ya chini tuliyokubali kuihudumia. MB 600 kwa megabiti moja kwa sekunde ni dakika 80. Anayeweka kikomo chini ya hapo ajue ni akina nani amewaacha nje.

Tumefika kwenye jaribio la pili lenyewe. Kujaribu tena kwa kuanza sifuri ni sawa na fundi ambaye mvua ikimsimamisha kazi, kesho yake anarudi na kubomoa ukuta wote ili aanze msingi upya, kwa saruji ya mwenye nyumba. Wala hakuna ulazima wa kiufundi wa kufanya hivyo. Toleo la 1.1 la itifaki ya HTTP, lililochapishwa Januari 1997, tayari lilimruhusu mteja kuomba sehemu ya faili. Programu iliyokwisha kupokea baiti 50,000,000 inaandika kwenye ombi lake neno Range na kuomba kuanzia baiti namba 50,000,000, kwa sababu hesabu ya baiti huanza na 0, na ya 0 mpaka ya 49,999,999 inazo tayari. Seva inayokubali hujibu kwa namba 206, maana yake hii ni sehemu tu, na hueleza ni kuanzia wapi mpaka wapi kati ya ngapi. Rudi sasa kwa yule mteja wa megabiti nne. Hata kama muunganisho wake ungekatwa kila baada ya sekunde 100, kwa kuendeleza pale alipoishia angemaliza faili kwa vipande 12, bila kulipia baiti yoyote mara mbili. Kosa la kikomo lingebaki kuwa usumbufu mdogo, na bando lake lingebaki salama.

Pingamizi la kweli dhidi ya kuendeleza ni usalama wa faili lenyewe. Kati ya jaribio la kwanza na la pili, mwenye seva anaweza kuwa ameweka toleo jipya, na ukiunga nusu ya toleo la jana na nusu ya toleo la leo unapata takataka yenye ukubwa unaoonekana sahihi. Hatari hiyo ipo, na waandishi wa itifaki waliiona. Seva huweza kutoa alama ya toleo iitwayo ETag. Mteja anapoomba kuendelea huambatisha alama ile chini ya kichwa If-Range, maana yake: kama faili ni lilelile nipe salio, kama limebadilika nipe lote. Faili likiwa limebadilika, jibu huja na namba 200 badala ya 206. Hapo ndipo programu nyingi za haraka haraka zinapoumia, kwa sababu mwandishi hakuangalia namba ya jibu, akaendelea kubandika faili zima nyuma ya nusu aliyokuwa nayo. Kinga ya mwisho ni kulinganisha alama ya uhakiki, kama SHA-256, ya faili lililofika na ile iliyotangazwa na mwenye faili. Uhakiki huo huokoa pia pale mteja anapokuwa kwenye Wi-Fi ya hoteli inayodai jina na neno la siri: mtandao ule hujibu kwa ukurasa wake wa kuingilia, wenye namba 200 ya mafanikio, na programu isiyohakiki huuhifadhi ukurasa ule kwa jina la faili lako na kukupongeza.

Tena si kila kushindwa kunastahili kurudiwa. Seva ikijibu 404, maana yake faili halipo, na kuuliza mara ishirini hakutalizaa. Wget huachia hapo hapo. Cheti cha usalama kisichokubalika hakirekebishiki kwa kubisha hodi tena, na simu iliyojaa haitapata nafasi kwa kupakua upya. Yanayofaa kurudiwa ni yale ya kupita: muunganisho uliokatika, ukimya uliozidi kikomo, 503 inayosema seva imezidiwa, na 429 inayosema wewe mwenyewe umeomba mno. Kwa hizi mbili seva inaweza kuongeza kichwa kiitwacho Retry-After, kinachotaja sekunde za kusubiri au saa ya kurudi. Kukipuuza kichwa hicho ni kumlazimisha mwenzako alipe baada ya kukuomba waziwazi umpe nafasi.

Na hapo tunamkuta mlipaji wa pili, yaani seva na njia inayotumiwa na wote. Ushahidi wake ni mkongwe. Oktoba 1986, kasi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley, umbali wa yadi 400 tu, ilianguka kutoka kilobiti 32 kwa sekunde hadi biti 40. Van Jacobson aliyechunguza na kuchapisha matokeo mwaka 1988 alionyesha kwamba njia haikuwa imekatika. Mashine zilikuwa zinatuma upya pakiti ambazo bado zilikuwa njiani, na marudio hayo yakaziba nafasi ya pakiti mpya. Dawa aliyoipendekeza, ya kuanza polepole na kupunguza unapoona dalili za msongamano, ndiyo inayoiweka intaneti hai hadi leo. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison kilifurika maombi yaliyozidi pakiti 250,000 kwa sekunde kwenye seva yake ya saa. Chanzo kilikuwa ruta za nyumbani za Netgear zilizoandikiwa anwani ya seva ile ndani yake, na ambazo zisipojibiwa ziliuliza tena kila sekunde. Hakuna ruta hata moja iliyokuwa na nia mbaya. Kila moja ilikuwa inajaribu tena tu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Facebook, tarehe 23 Septemba 2010, walipozimika kwa takribani saa mbili na nusu. Thamani moja ya mipangilio iliyowekwa ilikuwa na kasoro. Kila mashine iliyoiona iliichukulia kuwa ni mbovu na kwenda kuulizia sahihi kwenye hifadhidata. Hifadhidata ikazidiwa na mamia ya maelfu ya maswali kwa sekunde, na kila swali lililoshindwa likahesabiwa kuwa ni ushahidi mpya wa ubovu, likazaa swali jingine. Kasoro ya mwanzo ilirekebishwa, lakini marudio yaliendelea kujilisha yenyewe, mpaka wahandisi wakalazimika kukata maombi yote kwenda kwenye hifadhidata ile, maana yake kuizima tovuti yenyewe, ili ipate kupumua. Hicho ndicho mwandishi wa jaribio la pili asichokiona akiwa peke yake mezani: mbele yake kuna programu moja inayong'ang'ania, lakini mbele ya seva zipo laki tano zinazong'ang'ania kwa sekunde ileile.

Dawa ina sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kuongeza pumziko kila unaposhindwa. Curl ikiagizwa kurudia husubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, ikiongeza maradufu mpaka ifike dakika 10. Ya pili ni kuchanganya pumziko hilo kwa bahati nasibu, kwa sababu programu zilizokatika pamoja zikihesabu 1, 2, 4 kwa pamoja zitarudi pamoja pia. Mwaka 2015 mhandisi wa Amazon, Marc Brooker, alionyesha kwa majaribio ya kuigiza kwamba kuongeza pumziko bila kulichanganya huacha mafungu ya maombi yakigongana, na kwamba kulichanganya hupunguza sana kazi ya seva. Lipo na jambo la tatu linalosahaulika, nalo ni tabaka. Ikiwa programu inaita maktaba, maktaba inaita huduma, na huduma inaita nyingine, hivyo hivyo mpaka zitimie tabaka tano, na kila moja inajaribu mara tatu, basi ombi moja la mtumiaji linaweza kufika chini likiwa maombi 243. Kwa hiyo kujaribu tena kuwe na mwenyewe mmoja, na tabaka nyingine ziripoti tu kushindwa. Kitabu cha wahandisi wa Google kilichotoka mwaka 2016 kinaeleza kanuni inayofanana na bajeti: ombi moja lisizidi majaribio matatu, na marudio ya mteja mmoja yasizidi asilimia 10 ya maombi yake.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina uzito wake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom iliharibika upande wa kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani mpaka trafiki ikapitishwa njia nyingine. Siku kama ile njia haijafungwa kabisa, imekuwa nyembamba. Programu iliyowekewa kikomo cha muda wa jumla hushindwa siku hiyo hata kama baiti zinaingia, kisha huanza upya, na data inayotupwa na kuombwa tena hupita kwenye njia ileile nyembamba iliyobaki. Ni Berkeley ya 1986 kwa kiwango kikubwa zaidi. Kisha kuna bando. Mtu anayelipia data kwa MB, na anayeona kifurushi cha siku kikiisha kabla ya jioni, analipia kila baiti iliyorudiwa kwa pesa ya mfukoni, siku ileile.

Nitaambiwa mtandao unakua, minara ya 4G na 5G inaongezeka, na karibuni tatizo litakwisha lenyewe. Minara inaongezeka kweli, lakini na mafaili yananenepa, na mtumiaji wa simu hubadilisha mnara akiwa safarini, hutoka kwenye Wi-Fi kuingia data, na anwani yake ya mtandao hubadilika katikati ya upakuaji. Muunganisho wa zamani hufa hapo hata kama kasi ni kubwa. Mwingine atasema mtumiaji mwenyewe atabonyeza tena, kwa nini tujisumbue? Atabonyeza, ndiyo, lakini ikiwa programu imekwisha kufuta nusu iliyofika, kidole chake hakiwezi kuirudisha. Wa tatu atasema maktaba nzuri zinashughulikia hayo yote. Zipo, na zitumike. Android, kwa mfano, ina huduma yake ya DownloadManager inayoendeleza kazi hata mtandao ukibadilika au simu ikizimwa na kuwashwa. Hata hivyo kuchagua maktaba ni uamuzi wa gharama vilevile, na tumeona jinsi zinavyotofautiana. Asiyesoma inafanya nini ameamua bila kujua alichoamua.

Kwa mwandishi anayeuliza aandike nini basi, ushauri wangu ni huu. Kuunganishwa kupewe muda mfupi, sekunde 10 au 15, kwa sababu seva iliyo hai hujibu haraka na kusubiri zaidi ni kumchosha mtu bure. Ukimya katikati ya faili uvumiliwe kwa sekunde 30 hadi 60, muda unaotosha simu kuhama mnara. Muda wa jumla uachwe wazi, au ufuate ukubwa wa faili. Majaribio yahesabiwe yale tu yasiyoleta kitu: jaribio lililoongeza MB 20 kabla ya kukatika lirudishe hesabu sifuri, kwa kuwa kazi inasonga. Pumziko lianze na sekunde 1 au 2, liongezeke maradufu hadi dakika chache, lichanganywe, na liheshimu ombi la seva. Kila jaribio liendeleze pale pa mwisho, likihakiki kwamba faili ni lilelile. Na mtumiaji aambiwe ukweli unaomsaidia: MB 410 kati ya 600 zimefika, zimehifadhiwa, kazi itaendelea mtandao ukirudi. Akiwa kwenye data ya kulipia, aulizwe kwanza. Wahenga waliposema kawia ufike hawakumaanisha ukae njiani bila kujua kama bado unakwenda.

Kabla ya kuitoa programu, kuna majaribio manne yanayofanyika mchana mmoja. Punguza kasi hadi nusu megabiti uone kama faili linafika. Zima mtandao katikati, subiri dakika tano, uwashe. Badilisha faili kwenye seva wakati nusu imekwisha kupakuliwa. Kisha ifanye seva ijibu 503 na uhesabu programu yako inabisha hodi mara ngapi kwa dakika. Programu itakayopita yote manne bado itasimama siku mtandao utakapokufa kabisa, lakini kusimama kwake hakutamtoza mteja MB alizokwisha kuzilipia, wala hakutamwangusha mwenye seva anayejaribu kuinuka.